Matofali Yaliyosomeka Kinyume

Zenon alishika mkono mmoja wa sweta, na msichana asiyemjua akashika mkono wa pili.

Belo la mitumba lilikuwa limekatwa kamba wakati huo huo katikati ya soko la Sumbawanga, na watu walikuwa wameliinamia hata nguo zenyewe hazionekani. Ilikuwa Juni, mwezi ambao upepo wa Ufipa hauulizi umevaa nini, unapita tu.

“Kaka, achia. Hii ni ya biashara,” alisema msichana.

“Na mimi nataka ya kuvaa. Nimeanza kuishika.”

“Utaichana!”

“Ikichanika tutagawana. Wewe mkono wako, mimi wangu.”

Msichana alicheka, na kicheko kile kilimlegeza Zenon vidole. Sweta likaenda. Alimtazama vizuri: sketi ndefu ya kijani, khanga ya njano iliyofungwa kiunoni, kofia nyekundu ya sufu iliyoshuka mpaka kwenye nyusi.

“Unaitwa nani, mshindi?”

“Kalista. Kibanda changu kile pale. Njoo jioni nikuuzie sweta lako.”

“Mimi Zenon, fundi redio, karibu na stendi. Redio yako ikianza kukohoa, niletee.”

“Sina redio.”

“Basi niletee hata kikohozi.”

Jioni alikwenda, akauziwa sweta kwa bei ya juu, akalipa huku anachekelea. Simu za mkononi ndiyo kwanza zilikuwa zimeingia mjini, na vocha ilikuwa ghali kuliko chakula cha mchana, kwa hiyo wapenzi wale walijitungia lugha ya kubipu. Bipu moja, nimekukumbuka. Mbili, nipigie. Tatu, acha kila kitu uje mbio.

Mwaka ulipogeuka walikuwa wameshazungumza habari ya ndoa, na hapo ndipo Zenon alipoweka kiapo. Alikuwa ameshuhudia kaka yake, Adriano, akitolewa vyombo nje na mwenye nyumba. Godoro la bibi arusi lililala uani likinyeshewa, na shemeji yake amesimama kando yake amejifunika uso kwa khanga.

“Sikuoi kwenye chumba cha kupanga,” alimwambia Kalista baada ya misa, wakiwa wamesimama nje ya kanisa. “Nitakuoa kwenye nyumba yetu.”

“Mpenzi wangu, nyumba au banda, mimi nitakuja.”

“Nimeshaapa.”

“Haya, mwenye kiapo. Tuanze kufyatua.”

Walianza. Mjomba wake Kalista aliwapa pembe ya shamba lake huko Mollo, na kila Jumamosi walikwenda kukanyaga udongo na kufyatua matofali. Zenon alikuwa amemwagiza seremala achonge herufi ZK ndani ya kibao, ili kila tofali litoke na majina yao. Seremala alichonga vizuri sana, ila hakukumbuka kwamba kilichochongwa sawa kwenye kibao hutoka kimegeuka kwenye tofali. Tofali la kwanza lilipotoka, Zenon aliduwaa. Z ilikuwa imetazama kinyume, K nayo imegeuza mgongo, tena K ndiyo iliyotangulia.

Kalista alicheka mpaka akakaa kwenye matope. “Umeona? K mbele! Hata udongo unajua kichwa cha nyumba ni nani.”

“Nitakwenda kumrudishia seremala kibao chake.”

“Thubutu! Hakuna mwizi atakayeweza kuyaficha matofali haya.”

Hawakubadilisha. Walipochoma tanuru, watu wa Mollo walikuja kutazama, kwa maana lilikuwa tanuru kubwa, na matofali yalitoka mekundu, yakigongwa yanalia.

Kilichobaki ni kiwanja. Dalali mmoja aitwaye Isdori aliwapeleka pembezoni mwa mji, mahali ambapo mwaka uliopita aliwatajia bei wakaanza kuiwekea akiba. Alipotaja bei mpya, Zenon alidhani hakusikia.

“Rudia.”

Isdori alirudia. Kalista aliegemea mti.

“Lakini mwaka jana ulituambia...”

“Mwaka jana eneo lilikuwa halijapimwa, dada yangu. Tazama, sasa lina vigingi. Wafanyabiashara wamekuja, mmoja amechukua viwanja safu nzima.”

“Hiyo ni bei ya lori zima la mahindi!” alisema Zenon.

“Lori na tela lake,” alijibu Isdori bila kucheka. “Na udalali wangu bado.”

Walirudi kwa miguu. Walipokaribia mjini Kalista aliuliza polepole, “Zenon, tukiifikia bei hii, si itakuwa imeshahama tena?”

“Nitakwenda Mwimbi kwa baba nivune. Nikirudi na magunia, tutazungumza na Isdori vizuri.”

“Na mimi?”

“Wewe lindia matofali.”

Huko Mwimbi baba yake, Mzee Adolfu, alisikia habari ya kiwanja akiwa anapiga ulezi, akaacha fimbo hewani.

“Kununua? Ardhi? Mimi nilimwendea mwenyekiti wa kijiji na jogoo mmoja. Akanionyesha hapa mpaka pale. Sasa ninyi mnapimiwa kama kitambaa?”

“Ndiyo, baba.”

“Na wewe hujaoa kwa sababu ya hicho?”

“Ndiyo, baba.”

Mzee alimtazama mwanawe kwa muda mrefu, kisha akarudi kwenye ulezi wake.

Mwimbi wakati huo hakukuwa na mnara wa simu. Zenon alimaliza mavuno bila kusikia sauti ya Kalista, akarudi mjini juu ya lori la mahindi, vumbi mpaka kwenye kope. Alipompigia, simu haikupatikana. Asubuhi kibanda chake cha mitumba kilikuwa kimefungwa. Zenon akafikiri labda yuko Mollo, akaazima baiskeli.

Mollo hakukuwa na Kalista. Hakukuwa na matofali pia.

Zenon alisimama mahali palipokuwa na tanuru. Palikuwa na majivu, vipande vilivyovunjika, na alama za matairi. Alizunguka mara mbili kama mtu anayetafuta sindano. Mboje, mfugaji aliyehamia huko na ng'ombe wake kutoka Shinyanga, alikuwa anachunga karibu, akamjia taratibu.

“Unayatafuta? Yalibebwa na pikapu ya Felisian. Safari nyingi.”

“Felisian yupi?”

“Yule mnunuzi wa mahindi mwenye jaketi la ngozi. Na yule dada mnayekuja naye alikuwa amekaa mbele.”

Zenon hakukumbuka alivyorudi mjini. Sokoni alimkuta Edith, jirani yake Kalista, anakung'uta suruali za mitumba. Edith alipomwona alishika mdomo.

“Jamani, Zenon! Kumbe hujui?”

“Sijui nini?”

“Mimi sipendi umbeya, lakini Mama Felisian alipita hapa hapa, mchana kweupe, akamwita Kalista mkamwana. ‘Mkamwana wangu, umeamkaje?’ Na Kalista akapiga goti, akaitikia!”

Mkamwana. Mke wa mwanangu. Neno hilo halina maana mbili. Zenon aliketi juu ya furushi la nguo za Edith bila kukaribishwa. Felisian alikuwa na pikapu, pengine ndiye yule aliyechukua viwanja safu nzima, na hakuwa na mke. Yeye Zenon alikuwa na kiapo.

Simu yake ililia mara moja, ikanyamaza. Kalista! Alipiga mwenyewe haraka.

“Kalista, matofali yako wapi?”

“Zenon! Umerudi? Jamani nimebipu mpaka kidole—”

“Nimeuliza matofali.”

“Yako Katandala, kwa Mama Felisian. Mbona unaongea hivyo? Sikiliza, kipenzi, nime—”

Vocha ikaisha. Zenon alibaki ameishika simu sikioni kana kwamba itajutia. Kisha ikalia yenyewe: bipu. Bipu. Bipu.

Njoo mbio.

“Nitakuja,” alisema kwa sauti, Edith akashtuka. Alipita kwenye kibanda chake, akachukua nyundo kubwa aliyoazimwa na fundi wa jirani, akashika njia ya Katandala.

Aliyaona kutoka mbali. Ukuta mwekundu ulikuwa umefika usawa wa madirisha, na katika kila mstari palikuwa na K iliyogeuza mgongo na Z iliyotazama kinyume. Matope ya Jumamosi zao, kicheko chake, vyote vilikuwa vimepangwa kwenye ukuta wa mtu mwingine. Mbele yake alisimama Felisian, mikono ndani ya jaketi la ngozi, uso umekunjwa.

“Wewe ndiye Zenon?”

“Ndiye. Nimekuja kuchukua matofali yangu. Huyo mwingine mnaweza kubaki naye.”

Felisian aliitazama nyundo, uso wake ukakunjuka ghafla. “Yachukue! Tena bomoa yote, ndugu yangu. Anzia kona ile. Utakuwa umeniokoa.”

Zenon alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata kwa ngumi. Kwa jambo hili hakujiandaa. Nyundo ikashuka polepole mpaka ikagusa ardhi.

“Nikuokoe vipi?”

“Nilitaka kuweka gesti hapa! Ramani ninayo, fundi nilishampata. Mama yangu amegoma. Ameukata uwanja katikati, nusu ameitoa, na mimi ndiye niliyetumwa kubeba matofali kwa pikapu yangu mwenyewe, kama mtoto wa shule!”

“Felisian! Unamfokea nani?”

Sauti ilitoka ndani ya nyumba ya zamani iliyokuwa nyuma ya ukuta. Akatoka bibi mwembamba, amejitanda khanga mbili, kwapani amekumbatia redio iliyofungwa kitambaa. Zenon aliijua redio ile kuliko alivyoijua simu yake. Aliitengeneza kila ilipokufa, na hakuwahi kumtoza mwenyewe, Bibi Hellena, zaidi ya bei ya kifaa.

“Bibi Hellena?” aliuliza Zenon. “Shikamoo, Bibi. Unafanya nini kwa Mama Felisian?”

“Marahaba, mwanangu. Mama Felisian ndiye mimi. Huyu mwenye kelele nilimzaa mwenyewe.”

Zenon alimtazama Felisian, akamtazama bibi. Mwaka mzima bibi huyu alikuwa akija kibandani kwake, akimwita mwanangu. Yeye alijua jina lake la ubatizo tu, na mji mzima ulijua lile la mtoto wake.

“Mwanangu,” alirudia kimoyomoyo. Na mke wa mwanangu huitwaje? Damu ilimpanda usoni.

Kalista alitokea nyuma ya ukuta na ndoo ya maji kichwani, ile kofia nyekundu imeingia matope. Aliona nyundo. Akatua ndoo.

“Hiyo ni ya nini?”

Zenon aliisogeza nyundo nyuma ya mguu.

“Zenon, umesikia nini huko sokoni?”

Alimwambia yote, akitazama chini. Alipomaliza, hata Felisian aliona haya akajifanya anakagua tairi la pikapu yake.

“Mimi?” Kalista alisema, na macho yake yalijaa. “Kwa jaketi la ngozi? Nimekanyaga udongo na wewe misimu miwili nikuache kwa jaketi?”

“Simu ilikatika...”

“Simu ilikatika, na akili nayo?” Alifuta macho kwa ncha ya khanga. “Bibi alikuja kukutafuta na redio, akanikuta mimi nimekaa kibandani kwako. Alikuwa analia. Vyumba vyake vya nyuma vilikuwa vimeanguka wakati wa mvua, na huyu alikuwa analeta fundi wa gesti wiki ile ile. Yeye ana uwanja, hana tofali. Sisi tuna tofali, hatuna uwanja. Nilibipu, Zenon. Nilipiga. Nilimtuma hata dereva wa lori. Ningesubiri, pangekuwa gesti hapa.”

“Uwanja huu nilipewa bure, enzi hizo,” alisema Bibi Hellena. “Nilikwenda kuomba, nikaonyeshwa. Niuuze kwa nani kwa bei hizo za kishetani? Vyumba viwili vyangu, viwili vyenu, na nusu ni yenu kwa maandishi, mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Na Felisian ametia sahihi.”

“Nililazimishwa,” alisema Felisian kutoka kwenye tairi.

Zenon aliugusa ukuta. Ulikuwa bado na ubaridi wa udongo mbichi kwenye maungio. “Kwa hiyo hatukununua,” alisema polepole.

“Nani wa umri wetu amenunua? Nitajie mmoja tu.”

Alifikiri. Alimfikiria Adriano na godoro lake, wenzake wa stendi, vijana wote aliocheza nao mpira. Alifikiri mpaka mwisho, na hofu ikamwingia alipoona hapati hata mmoja.

“Hakuna,” alisema.

“Basi. Tungesubiri kununua, ungenioa nikiwa na mvi.”

“Nisamehe, Kalista. Nilikuja kubomoa.”

“Nimeona. Nitakukumbusha mpaka uzeeni, usijali.” Tabasamu lilianza kona ya mdomo wake. “Uliapa hutanioa kwenye chumba cha kupanga. Hiki si cha kupanga. Bati hakina, lakini si cha kupanga. Na padri aliniuliza tangazo la kwanza la ndoa lisomwe lini.”

“Ukamjibu nini?”

“Jumapili hii.”

“Bila kuniuliza mimi?”

Kalista alichukua mkono wake uliojaa vumbi, akauweka juu ya tofali lililokuwa usawa wa kifua, pale herufi zilipogeuka. “Soma,” alisema.

Alisoma kwa kidole. K, kisha Z. Alianza kucheka, kicheko cha mtu aliyenyang'anywa sweta kwa mara ya pili.

“Mwanangu,” aliita Bibi Hellena, “ukimaliza kusoma, hiyo nyundo mpe fundi. Yake imevunjika mpini tangu jana.”