Sumaku Juu ya Kasha la Disketi

Asubuhi mtarizi aliwasha mashine yake na kuingiza disketi, kile kibao cha plastiki kinachohifadhi michoro. Mashine ilikwaruza, ikanyamaza. Akajaribu nyingine, na nyingine tena. Zote tatu bubu.

Hofu ilimshika. Michoro yote ya marehemu mumewe ilikuwa humo. Nembo za sare zilitakiwa kabla shule hazijafunguliwa, na nembo hizo ndizo zilizomlisha yeye na bintiye.

"Mama, nikamwite fundi wa kompyuta?"

"Kimbia, mwanangu."

Jirani yao fundi, bingwa wa maneno, alifika na kuliinamia kasha la disketi. Juu yake ilikaa sumaku ya mtarizi, imejaa pini kama nungunungu.

"Jirani, sumaku hii iko hapa tangu lini?"

"Tangu juzi. Nilikosa pa kuweka pini."

"Basi umemlaza mwizi na mali. Sumaku hufuta disketi."

Mtarizi aliogopa hata kuuliza kama kuna iliyopona.

Fundi alizijaribu kwenye kompyuta yake. Ya chini kabisa, iliyokuwa mbali na sumaku, ilisomeka. Ilikuwa nembo ya shule. Akainakili haraka.

"Ninunue disketi mpya?" mtarizi aliuliza.

"Zamani zilikuwa bei ya bure. Leo ni adimu, ghali, na hazibebi kitu. Sidii, ile sahani inayometa, ni rahisi, ila ikichubuka imekwisha. Flashi itakuuma mara moja tu mfukoni, lakini inameza kasha hili zima na bado ina njaa. Ubaya wake, hupotea kama sindano."

"Mashine yangu haijui flashi."

"Basi disketi iwe ya kubebea, si ya kuhifadhia. Flashi kaa nayo hapa, sidii mpe dada yako akae nayo kwake. Chumba kikiungua, riziki isiungue."

Nembo ziliisha kwa wakati. Maua aliyochora mumewe hayakurudi, na mtarizi aliyalilia.

Muhula uliofuata, mashine ilikwaruza tena, ikanyamaza. Mtarizi alishtuka kama siku ile. Kisha akavuta droo.

"Mwanangu, peleka flashi hii kwa fundi, atunakilie disketi nyingine," alisema. "Na pini zangu ziko wapi?"

"Kule ukutani, mama. Mbali."