Kumsindikiza Mgeni wa Farsta

Yule bibi kwenye kiti hakuitikia salamu.

Dative, mhudumu wa wazee majumbani, hakujali. Wazee wengi aliowahudumia masikio yao yalikuwa yamechoka. Ilikuwa saa tisa alasiri, mwezi wa Desemba, na giza la Stockholm lilikuwa limeshaingia. Taa ya sebule ilikuwa imezimwa, na mwenye nyumba, Alma, ajuza wa miaka themanini na tisa, alikuwa amelala chumbani. Ilikuwa siku ya kwanza Dative kutumwa kwenye nyumba hii ya Farsta, pembezoni mwa jiji. Pembeni ya dirisha alimwona mgeni ameketi, kitambaa kichwani, mkono mmoja kaunyoosha, kiganja juu. Sasa angefanyaje? Watu wa kwao, milima ya juu ya Uvira, hawampiti mzee kama wanavyopita kabati.

"Jambo, mama. Baridi imekubana?"

Basi akapasha chakula, akakunja mashuka, huku akimwongelesha kwa Kiswahili, maana Kiswidi chake hakikutosha kwa heshima. Akamsimulia habari za theluji, habari za binti zake wawili. Alipofika mlangoni akasema kile ambacho kila mtu wa kwao hukisema akiaga, bila kufikiri:

"Haya mama, na sisi karibu kwetu Jakobsberg. Siku moja uje."

Ndipo akawasha taa ya ukumbini, ikamulika hadi sebuleni. Mgeni alikuwa mti. Sanamu la ukubwa wa mtu, limevishwa nguo za kike, macho ya mfupa mweupe yenye mboni nyeusi. Dative alijicheka mwenyewe njia nzima.

Alipofungua mlango wa kwake, nyumba ilikuwa inanukia karafuu na kahawa inayokaangwa juu ya kuni.

"Mama, umeanza kukaanga kahawa ndani?" aliuliza Emmanuella, binti mkubwa, mwanafunzi wa sheria ambaye kwenye midahalo ya chuo hakuna aliyewahi kumnyamazisha. "Kengele ya moshi ikilia, zimamoto watakuja na shoka."

"Ndiyo kwanza naingia. Labda jirani."

"Jirani gani wa Jakobsberg ana kuni?"

Kisha vikasikika vishindo ukumbini. Ko. Ko. Ko. Vikavu, vya mtu asiye na haraka. Vilipita mbele yao bila mtu, vikaishia chumba cha Kelly, mtoto wa miaka sita.

"Mormor!" Kelly aliita kwa furaha. Ndivyo Waswidi wanavyomwita mama mzaa mama. "Mormor amekuja!"

Dative alishika ukuta. Mama yake alilala chini ya mawe, kando ya njia waliyopita wakikimbia vita, na hakuna aliyerudi kumzika kama watu wanavyozikwa. Kelly hakuwahi kuwa na mtu wa kumwita kwa neno hilo.

Wiki ya kwanza Kelly aliimba nyimbo za lugha ambayo hakuna aliyeifahamu. Wiki ya pili alikataa kula, akawa baridi, baridi ya jiwe lililolala nje, na madaktari wakampima damu, mapafu na kichwa, wakasema mtoto ni mzima. Kila jioni giza likishuka vishindo vilitoka mlangoni hadi kitandani, na Dative, aliyekesha kwenye kiti amefumbata mkono wa mwanawe, aliona godoro likibonyea upande wa pili kana kwamba mtu mzito ameketi, akasikia pumzi ya kikongwe ikienda sambamba na pumzi ya mtoto, na kila ya kikongwe ilipozidi kuwa ndefu ya mtoto ilizidi kuwa fupi, hadi ikambidi alaze sikio kifuani kwa Kelly ili ajue kama bado yupo.

"Amka ule, mwanangu."

"Mormor anasema mimi mgonjwa tu," Kelly alinong'ona, amenyooka kama kamba, mikono kifuani. "Nisiamke mpaka ukoo wote ufike."

Dative akamwita Pasta Anastase aje kumwombea. Aliomba hadi shati likalowa. "Toka! Nakuamuru, rudi ulikotoka!"

Kutoka pembeni kikaja kilio. Kilio cha chini, cha mama mzee, cha mtu aliyeambiwa jambo lile lile analolitamani. Pasta alifunga Biblia taratibu.

"Mama Emmanuella," alisema kwa sauti ndogo, "nimefukuza mapepo mengi. Huyu nikimwambia arudi kwao, analia. Mimi kwao sikujui."

Kesho yake Dative, aliyekumbuka ni nani alimkaribisha, alikwenda Farsta na Emmanuella, ili amtafsirie. Walipouliza habari za sanamu, Alma hakuficha. Mwaka 1984 yeye na marehemu mumewe walisafiri hadi Toraja, milima ya Sulawesi, Indonesia. Walitembea siku mbili kufika kijiji cha juu kabisa. Huko kila mfu mkubwa huchongewa sanamu, na masanamu husimamishwa kwenye jabali yatazame mashamba ya mpunga na kuwalinda wajukuu. Mtu mmoja aliwauzia hili, kalifunga kwa blanketi.

"Tulinunua kihalali. Karatasi ninayo."

"Aliyeuza alikuwa mjukuu wake?" Emmanuella aliuliza.

"Hatukuuliza."

"Na maiti zao wanazifanyaje?" Dative alidakia.

Alma alitazama mikono yake. "Mfu hawamwiti mfu. Wanasema ni mgonjwa. Hulala nyumbani, wakampa wali na kahawa, mpaka ukoo wote ukusanyike ndipo wamzike."

Dative hakuhitaji kutafsiriwa mara mbili. Mtoto wake alikuwa amelazwa kama mfu anayengoja ukoo.

"Mrudishe," Emmanuella alisema. "Andika barua leo, nakusaidia."

"Ni mali ya familia. Nikifa, wanangu wataamua."

"Ya familia ipi?"

Alma aligeuza uso kuelekea ukutani. Hebu tuulizane: mjukuu halisi wa yule bibi angetaka kuja Farsta amwone, angeombwa viza, barua ya mwaliko na ushahidi kwamba ataondoka. Bibi mwenyewe aliingizwa ndani ya blanketi, na hakuna aliyemuuliza chochote.

Lakini Kelly asingesubiri barua. Jioni ile kifua chake kilikuwa kinapanda mara moja, kinatulia hadi mtu ahesabu kumi. Dative alipika wali, akatia kahawa kikombeni, akaviweka pembeni ya kitanda, akapiga magoti.

"Mama," alisema. "Nilikukaribisha mimi, kwa mdomo wangu. Umekuja, umekula. Ila huyu si wako, mama, wala si mgonjwa wa kungojea ukoo. Twende nikusindikize."

Godoro liliinuka.

Walitembea kwenye theluji, jozi moja ya viatu na jozi moja ya nyayo peku. Njiani kitu kigumu kilijipenyeza kiganjani mwake, vidole vya mti, baridi, na Dative hakuvitupa, alivishika kama alivyotakiwa kumshika mama yake siku ile ya vita alipomwachia mkono ili abebe mzigo mwingine. Akawa anaeleza huku machozi yakimganda shavuni: shuka City, katikati ya jiji, panda treni inayokwenda Märsta, hapo ni karibu na uwanja wa ndege, uliza, mama, kwetu tulifika kwa kuuliza.

Kwenye jukwaa la stesheni simu ililia. "Mama!" Emmanuella alikuwa akilia na kucheka. "Kelly ameketi. Anataka mkate."

Treni ilifungua milango. Msindikizaji hafiki safari nzima.

"Naishia hapa, mama."

Vidole vilikawia, kisha vikaachia.

Kupitia dirisha Dative alimwona sasa kwa macho yake, bibi mfupi mwenye kitambaa kichwani, amesimama katikati ya watu walioinamia simu zao. Aliinama mbele ya wa kwanza, mkono mbele, akamsalimu. Mtu yule hakuinua kichwa. Akamsalimu wa pili, na wa tatu. Treni ilianza kusogea. Wa nne alikuwa msichana mwenye kofia ya sufu. Aliinua uso, akatabasamu, midomo yake ikaitikia, kisha akasogea ampishe nafasi.