Kiinua Mgongo cha Githinji

Nyaguthii aliuza viazi katika soko la Eldoret. Mume wake, Githinji, alikuwa fundi wa mashine kwenye kiwanda cha mbao. Walipanga chumba kimoja pamoja na watoto wao watatu. Mwaka ule wa 1974 mambo yaliwabana. Mafuta ya taa yalipanda bei, sukari ikapanda, unga nao haukutaka kuachwa nyuma. Nyaguthii alipoongeza bei ya viazi, wateja wake wa siku zote walimpita kama hawamjui.

Jioni moja Githinji aliingia akitabasamu.

"Mama Warigia, Ijumaa naacha kazi."

"Umefukuzwa?"

"Nani anifukuze? Nimeandika barua mwenyewe. Nikiacha, nitalipwa kiinua mgongo cha miaka kumi na miwili. Nitanunua hisa kwenye kampuni inayonunua lile shamba la mzungu kule Soy. Zachariah wa pale kiwandani ameshaacha kazi na ameshalipa. Mwezi ujao bei ya hisa inapanda. Ama unataka tuzeekee kwenye nyumba ya kupanga?"

"Na tutakula nini?"

"Mahindi ya shamba letu!"

Nyaguthii alitamani shamba kuliko hata mumewe, kwa kuwa wazazi wake walikufa bila kipande cha ardhi. Lakini aliona mwisho wa mwezi unakuja bila mshahara, na debe la unga likiwa tupu.

Kesho yake alimwendea jirani yao, Ondiek. Ondiek alikuwa karani wa chama cha akiba na mikopo cha wafanyakazi wa kiwanda. Alipenda maswali mno, na watu wengine walimkwepa kwa sababu hiyo.

"Bwana Ondiek, nisaidie. Huyu mtu anaacha kazi."

"Sitamkataza, mama. Nitamuuliza tu."

Jioni Ondiek alikuja. Alikunywa chai isiyo na sukari bila kulalamika.

"Bwana Githinji, hilo shamba umeliona?"

"Zachariah aliliona kutoka barabarani."

"Mzungu ameshahama?"

"Bado. Wanachama wakitosha, kampuni itamaliza kumlipa. Halafu wapimaji waje, tugawiwe kwa kura."

"Itachukua muda gani?"

Githinji alijikuna kichwa. "Mwaka mmoja. Labda miwili."

"Na hiyo miaka miwili, mahindi ya kula yatatoka wapi?"

Githinji alikasirika. "Wewe una shamba la baba yako huko kwenu. Mimi sina pa kurudi!"

"Ndiyo maana nakuambia nunua," Ondiek alisema kwa upole. "Lakini usiuze mshahara wako ili ununue. Pesa ya shamba ni ile inayoweza kukaa miaka bila kuguswa. Pesa ya unga na karo haiwezi kungoja wapimaji. Kwanza wekeni kando chakula cha miezi mitatu. Halafu njoo kwenye chama, uweke akiba kila mwisho wa mwezi. Baadaye tutakukopesha, ulipe kidogo kidogo. Na kabla hujatoa hata senti, nenda ukanyage hilo shamba. Uliza ekari ni ngapi na wanachama ni wangapi. Wakikataa kukujibu, rudi na pesa zako."

"Na bei ikipanda?"

"Itapanda. Utalipa zaidi, sikufichi."

Githinji aliinamisha kichwa. "Barua nilipeleka leo. Iko kwa meneja."

Nyaguthii hakulala. Asubuhi Githinji alienda kuiomba barua yake, naye akasimama nje ya lango la kiwanda. Watu sita walikuwa wamepanga foleni, kila mmoja akitaka kazi ya mumewe. Aliwatazama na kuwaogopa, ingawa hawakumkosea chochote. Saa nne Githinji alitoka na barua mkononi. Meneja alikuwa bado hajaitia sahihi. Nyaguthii alilia pale pale barabarani, wala hakuona aibu.

Walianza na chakula. Kisha wakaweka akiba kila mwezi, hata mwezi ambao mtoto aliugua. Githinji alifika shambani, akauliza maswali yake, akajibiwa. Baada ya mwaka mmoja na nusu alinunua hisa, shilingi mia mbili zaidi ya bei ya kwanza. Alinung'unika wiki nzima.

Wapimaji walichelewa kuliko alivyodhani mtu yeyote. Kabla hawajafika, Zachariah aliuza hisa yake kwa bei ya chini, awalishe watoto.

Siku ya kura Githinji na Nyaguthii walipata ekari tatu. Trekta ya kulima ililipwa kwa mshahara. Siku ya kupanda walihitaji vibarua, na wa kwanza kufika alikuwa Zachariah, na jembe lake begani. Alilitazama shamba kwa muda mrefu.

"Ungeniambia nisiache kazi, ndugu yangu," alisema.

"Hata mimi sikujua," Githinji alijibu, akimtazama mkewe. "Huyu mama ndiye aliyeogopa. Mimi nilikuwa nacheka."