Nukta Aliyoiona Kalunde

Jumamosi ile saiba ya Kisemei, duka la intaneti pale Kitengela, ilijaa pomoni. Watu walipanga foleni kuchapisha barua za kuomba kazi, mtoto analia, printa inakwaruza. Kwenye kompyuta ya pembeni, dada mmoja mwenye sketi ya buluu na nywele zilizosukwa vizuri alikuwa amekaa saa mbili akitazama vidoadoa.

“Madam, watu wanangoja,” Kisemei alimwambia. “Na wewe unaangalia picha ya tetekuwanga?”

“Ni jua,” alijibu bila kugeuka. “Limefunikwa hapo katikati ndio mwangaza usiharibu picha. Imepigwa na darubini iko huko juu angani.”

“Na hizi doti?”

“Ni chembe zinatoka kwa jua, zingine mbali kabisa. Zikigonga kamera zinaacha alama. Ukiona doti kwa picha moja tu, hiyo ni chembe. Lakini ikirudi kwa picha nne, tano, ikisonga mstari mmoja kuelekea jua, hiyo ni nyota ya mkia. Ukiiona wa kwanza, wanaandika jina lako kwa list.”

“Basi kaa. Hao wengine watangoja.”

Hiyo ilikuwa Februari 2003. Dada huyo, Kalunde, alifundisha fizikia. Kisemei alikuwa kijana mrefu, mtanashati, shati lake limepigwa pasi hata siku za kazi. Aliacha ng'ombe wa baba yake Kajiado akafungua saiba, na mzee alikuwa bado hajamsamehe. Kufikia Agosti alikuwa akimwekea Kalunde ile kompyuta kila Jumamosi, pamoja na flaski ya chai. Kalunde akapenda, tena akapenda vibaya.

Mwishoni mwa Oktoba nukta moja ilirudi. Ilikuwa kwenye picha ya kwanza, ya pili, hadi ya tano. Kalunde aliandika saa na mahali pa kila moja kwenye karatasi. Kabla hajawatumia wenye darubini, mtandao ukakatika. Kesho yake alitakiwa aende Kajiado mjini, Jumatatu aanze kusimamia mtihani wa kidato cha nne.

“Niachie karatasi, mpenzi. Nitatuma mtandao ukirudi.”

“Na jina langu, Kise. Usisahau.”

“Nisahau jina lako? Nitasahau langu kwanza.”

Jumatano Kisemei alimpigia simu. Sauti yake ilikuwa ya upole kupita kiasi, na mimi hapo ningemshuku.

“Pole, sweetie. Wale wa darubini wamejibu. Jua limelipuka, picha zote zimejaa doti nyeupe kama zimemwagiwa unga. Hata yako ilikuwa tu hizo chembe.”

Kweli jua lilikuwa limelipuka. Hata redio ilitangaza. Kalunde akalia, akaamini. Lakini nukta yake ilionekana Jumamosi, na mlipuko ulikuja Jumanne. Mwalimu mzima hakuhesabu siku. Ndiyo mapenzi hayo.

Desemba Kisemei akampeleka kwao, nje kidogo ya Kajiado, kumjulisha kwa wazazi. Kalunde alivaa gauni la kitenge cha kijani. Nashipae, dada yake Kisemei, akamvisha shanga shingoni. Sebule ilijaa wajomba na majirani.

“Sopa, mwalimu!” baba yake Kisemei alimsalimu kwa Kimaasai.

“Ipa, baba.”

Mzee akaonyesha karatasi iliyotundikwa ukutani ndani ya fremu, ambayo Kisemei hakutarajia kuikuta hapo. “Huyu kijana nilijua amepotea kwa hizo mashini. Kumbe amepata nyota! Lakini yeye hajui kueleza. Wewe ni mwalimu, elezea hawa wazee.”

Kalunde akasogea, akasoma. Jina la Kisemei, kama mtu wa kwanza kuiona ile nyota ya mkia. Tarehe ishirini na tano Oktoba. Zile saa za picha tano alizoziandika kwa mkono wake.

Hata hivyo alieleza, taratibu, mpaka wazee wakawa wanatikisa vichwa kwa kuelewa. Kisha akageuka.

“Waambie, Kise. Hiyo Jumamosi, nani alikuwa kwa ile kompyuta?”

Alikuwa anampa nafasi ya kusema kweli, na Kisemei alijua. Akamtazama baba yake aliyejaa fahari.

“Nilikuwa peke yangu,” akasema.

Kalunde akavua shanga, akamrudishia Nashipae kwa mikono miwili, akatoka. Njia ya mwongo ni fupi, ila machungu yake marefu. Simu za Kisemei hakuzishika hadi Januari.

“Kalu, nimewaandikia. Wamebadilisha, jina ni lako peke yako. Nilikosea, mpenzi. Nilitaka tu mzee aniangalie kama mtu. Rudi nikuoe.”

“Asante. Na mzee umemwambia?”

“Bado. Ile karatasi bado iko kwa ukuta. Nipe time, babe. Itamuua.”

“Umeambia ukweli watu hutawahi kuwaona. Wale waliniona nikitoka kama mtu hana adabu, hao hujawaambia kitu.”

“Kwani hunipendi?”

“Nakupenda,” Kalunde alisema, na ndicho kilichomuumiza. “Siku utaitoa hiyo karatasi kwa ukuta wewe mwenyewe, baba yako akiangalia, unipigie. Kabla ya hiyo siku, usinipigie.”

Miaka minne Kalunde hakubadilisha namba yake. Kisemei hakupiga.