Mashine Isiyochimba

Kila alasiri, Odeta alipotoka shule alipita kwenye karakana ya maji mjini Mwanza kumngoja dada yake, Teodora, ili warudi pamoja nyumbani Kiseke. Mwaka ule wa 1974, Teodora alikuwa akijifunza kuchimba visima. Vijiji vipya vya ujamaa vilihitaji maji, lakini mitambo ilikuwa michache. Hakuna mwanafunzi aliyeruhusiwa kugusa mtambo halisi kabla ya kufaulu kwenye mashine ya mazoezi.

Mashine hiyo haikuchimba hata shimo la panya. Ilikuwa kiti, mipini ya chuma na geji zilizong'olewa kutoka kwenye mtambo mbovu. Nyuma yake alikaa mwalimu, Ndugu Mihayo, akivuta kamba ili mishale ya geji isogee kana kwamba chini kuna mwamba, tope au bomba lililokwama.

Bomba ndilo lililomshinda Teodora. Kila lilipokwama, alilivuta kwa nguvu.

"Umelikata! Kisima kimekufa," Ndugu Mihayo alisema.

Siku ya mtihani Odeta alisimama dirishani, mahali alipoweza kuona mikono ya mwalimu. Mwalimu aliposhika kamba ya bomba kukwama, Odeta akakohoa na kumwonyesha dada yake ngumi. Teodora akaelewa, akalegeza mpini upesi.

"Vizuri sana!" alisema Ndugu Mihayo. "Jumatatu utavuka ziwa kwa kivuko cha Kigongo ukachimbe kijijini."

Njiani Odeta alirukaruka kwa furaha, lakini Teodora alitembea polepole nyuma yake.

"Dada, mbona hufurahi?"

"Sikusoma geji, Odeta. Nimekusoma wewe. Kule kijijini nani atanikoholea?"

"Nilitaka kukusaidia tu."

"Najua. Lakini bomba likikatika kule, akina mama wataendelea kuchota maji dimbwini pamoja na ng'ombe."

Odeta alisimama. Machozi yakamlengalenga. "Basi turudi tukamwambie."

Ndugu Mihayo aliwasikiliza bila kufoka. Nafasi ya Jumatatu akampa mwanafunzi mwingine, Masalu, na Teodora akarudi kwenye mazoezi. Alikosea, akarudia, akakosea tena. Taratibu mikono yake ikazoea: mshale ukipanda, asivute, alegeze, aache maji yazunguke, kisha azungushe bomba polepole.

Wakati wa likizo ya shule Teodora alifaulu, na Odeta akaruhusiwa kufuatana naye kijijini. Siku ya pili bomba lilikwama kweli. Mtambo ulinguruma, wanakijiji wakarudi nyuma. Jasho lilimtiririka Teodora, lakini macho yake hayakutoka kwenye geji. Akalegeza. Akasubiri. Akazungusha kidogo, kidogo tena, mpaka bomba likaachia.

Kesho yake maji yalitoka, kwanza ya tope, kisha meupe. Akina mama wakapiga vigelegele.

Ndugu Mihayo, aliyekuwa amekuja kukagua kazi, alimwita Odeta kando.

"Mwanangu, tulitengeneza ile mashine ili watu wakosee mahali ambapo kosa halimdhuru mtu. Ukimpa mwenzako majibu ya kuiba, unamnyima nafasi ya kujifunza. Ukimpenda, mwache ajaribu mpaka aweze mwenyewe."

"Nimeelewa, mwalimu," alisema Odeta, akaenda kuwasaidia akina mama kujaza ndoo.