Jini wa Meza ya Tatu

Spika ilikuwa haijachomekwa, lakini ilikuwa inahema.

Mchoraji wa timu aliinyanyua, akautazama waya unaoning'inia, akairudisha mezani taratibu. "Kapteni, hebu njoo usikie hiki kitu."

Kapteni hakugeuka. Jina hilo alijipachika mwenyewe shindano la hakathoni lilipofunguliwa, na kwa siku zote mbili za kutengeneza mchezo wao wa kompyuta kazi yake ilikuwa kunyoosha kidole: huyu achore, binamu yake aandike programu. Yeye alichangia kitu kimoja tu, sauti ya jini. Mchezaji akishindwa, jini husema "Sitoki," kisha kinatokea kitufe cha Anza Upya.

Binamu aliijaribu sauti hiyo mara ya tatu, akaondoa vidole kwenye kibodi. Pale mezani palianza kunuka nywele zilizoungua.

"Sauti hii umeitoa wapi?" alinong'ona.

"Kwa dada."

"Siku ile anapungwa jini?"

"Nilikuwa nyuma ya mlango na simu. Ulitaka nikatafute mwigizaji?"

"Mganga alisema isirudiwe hata kwa utani. Dada wa watu juzi tu ndiyo ameanza kula kwa mkono wake. Ifute."

"Majaji wako meza ya pili. Kafute ushamba wako kwanza."

Dada yake wa tumbo moja, na hicho ndicho Kapteni alichokiita ubunifu.

Jaji wa kwanza akacheza, akashindwa, spika isiyo na waya ikasema "Sitoki," naye akacheka, akabonyeza Anza Upya, akashindwa, akabonyeza tena, na kila alipobonyeza sauti ilisogea, ikatoka kwenye spika ikaingia chini ya meza, ikatoka chini ya meza ikapanda nyuma ya shingo ya binamu, sasa ikiwa na pumzi, pumzi yenye joto, mpaka simu ya Kapteni ikaita.

Alikuwa mama yake, na kilio chake kilisikika hadi kwa binamu. "Mwanangu, jini amemrudia dada yako. Anatulia kidogo, anaanguka tena, kama kuna mtu anamwita."

Jaji akabonyeza. Ndani ya simu, dada akapiga ukelele.

"Shangazi, mshikeni," binamu alisema, akaizima kompyuta. Kioo kikawa cheusi.

"Sitoki," ilisema spika.

Majaji wakapiga makofi.

Kapteni akawasha kinasa sauti cha simu, akalainisha sauti kama mtoto mwema. "Mama, hebu msogezee simu mdomoni."