Mdhamini wa Lazaro

Simu ya benki iliita Jumanne saa nne asubuhi, Sabina akiwa uani kwake Ganako anachambua maharage. Dada wa benki alikuwa na furaha zake. Kadi ya mkopo ya mumewe imepita, akasema, na mdhamini naye wameshaongea naye.

"Mzee mcheshi kweli, mama. Kanichekesha mpaka basi!"

Sabina akashukuru, akakata simu, na ungo ukamponyoka. Mdhamini aliyemwandika kwenye fomu alikuwa baba mkwe wake, mzee Clemensi, na mzee Clemensi alikuwa kaburini mwaka wa tatu, pale pale nyuma ya nyumba. Simu yake ilikuwa kabatini, imekufa, haina hata betri.

Mtu asije akaniuliza kwa nini alimwandika marehemu. Hukuwepo. Mumewe, Lazaro, alikuwa dereva wa watalii, tena mwenye gari lake, na kadi ya kulipia viingilio getini Ngorongoro. Ikaja korona, wageni wakakatika kama maji ya bomba, deni la kadi likaendelea kuzaa. Gari likaenda, akabaki kuendesha la tajiri mmoja. Jina lake likapelekwa kwenye orodha ya wasiolipa, na tangu hapo kila dirisha alilosogelea, karani alitazama skrini, akatikisa kichwa, akasema, "Mwingine!"

Ndipo benki moja ikampa njia ya kujisafisha. Apewe kadi ndogo, ya milioni moja, atumie theluthi yake tu, alipe kabla ya tarehe ishirini na tano, miezi kumi na miwili bila kuruka hata mmoja. Alama zake za ukopaji zitapanda, jina litasafika, atakopeshwa gari. Ila awe na mdhamini. Nani angemdhamini Lazaro? Kaka yake Remigius, ambaye mtoto wao Remi alirithi jina lake, alishapoteza mitamba miwili kwa kumdhamini, na akimwona njiani anatema mate. Wana Ganako wote walikuwa wamechoka naye.

Kifo cha mzee kilikuwa hakijaandikishwa popote. Alizikwa na kanisa, watu wakala, wakatawanyika; nani atoe nauli kwenda kufuatilia cheti? Serikalini mzee Clemensi alikuwa hai na kitambulisho chake kizima. Sabina akajaza jina lake, akagandamiza kidole gumba chake mwenyewe mahali pa kidole cha mzee. Lazaro aliona. Akanyamaza, na kunyamaza kwake kulikuwa ndiyo.

Kadi ilikaa kwa Sabina, kwenye kopo la majani ya chai, maana Lazaro na pesa walishajuana vya kutosha. Mwezi wa kwanza Sabina alinunua matairi ya gari la tajiri wa mumewe, akarudishiwa hela taslimu, akaziweka tayari kwa tarehe ishirini na tano. Tarehe ishirini na nne ujumbe ukaingia: malipo yamepokelewa, mlipaji Clemensi.

"Umelipa wewe?" akamuuliza mumewe.

"Nilipe na nini?"

"Basi nani?"

"Mama Remi, jina la mtu linasafishwa wewe unatafuta makosa. Una roho gani?"

Mchana ule, jua la utosi, Sabina alisikia jembe nyuma ya nyumba. Pu. Pu. Pu. Akatoka na mwiko mkononi. Hapakuwa na mtu. Lakini ilikuwa Septemba, Karatu nzima ni vumbi tupu, na udongo wa kaburi la mzee ulikuwa umelowa, mwekundu, na unanuka ugoro, kama alivyonuka mzee.

Mwezi wa pili malipo yaliingia tarehe ishirini na tatu. Wa tatu, ishirini na mbili. Mlipaji yule yule, na kila akilipa mapema, alama zilipanda. Lazaro alikuwa akikaa kizingitini na simu, anazitazama zinavyopanda, anacheka peke yake. Na kila zilipopanda, yeye alipungua. Suruali ikaanza kumvuka, akatoboa tundu jipya kwenye mkanda, halafu lingine. Mwezi wa sita akaanza kukohoa, na kwenye leso hakutoa damu wala makohozi, alitoa udongo.

"Twende hospitali," Sabina akasema.

"Ni vumbi la barabarani. Niache."

"Vumbi gani limelowa, Baba Remi?"

"Niache, nimesema! Unataka nife maskini ili ufurahi na akina Remigius?"

Wakalala mzungu wa nne siku hiyo, na asubuhi Sabina akakuta nyayo za matope kwenye sementi, kubwa, pekupeku, zimeanzia mlango wa nyuma zikaja mpaka kitandani upande wa Lazaro, zikasimama hapo, visigino vimekolea matope kama vya mtu aliyesimama muda mrefu anamtazama aliyelala, na hapakuwa na nyayo za kurudi.

Miezi kumi na moja ilipotimia Sabina akapanda pikipiki mpaka Endamarariek, kwa bibi mmoja aitwaye Penina, ambaye watu humwendea usiku na kumkana kanisani. Bibi hakumkaribisha kiti.

"Unanuka," akamwambia. "Umelala na nani?"

Sabina akaeleza yote, analia. Bibi alisikiliza uso umekunjamana kwa hasira.

"Huyo si baba mkwe wako. Clemensi kapumzika zake. Huyo ni wa kule chini kwenye chemchemi, sisi wazee tunawaita netlangw, ninyi mnasema majini. Ulitangaza jina la mtu aliyekufa, ukasema yupo, yupo, yupo. Likakaa wazi kama nyumba isiyo na mlango. Akaingia."

"Anataka nini, bibi? Mbona analipa?"

"Mdhamini akikulipia, anachukua nini?"

Sabina akakumbuka mitamba ya Remigius.

"Hana shida na mitamba," bibi akasema. "Atachukua alichokidhamini. Akimaliza la kumi na mbili, mumeo ni wake. Nenda ukaandikishe kifo cha mzee. Upate cheti, ukipeleke benki, useme mbele yao kwamba huyu alikuwa maiti na kidole ni changu. Akose jina la kukalia."

"Watanifunga! Na jina la Lazaro litarudi kwenye orodha, safari hii halitoki tena."

"Basi ufungwe. Utoke hapa, unanichafulia nyumba."

Lazaro alipoambiwa alimrushia kikombe. Miezi kumi na moja! Umebaki mmoja tu, gari analiona kwa macho, halafu mwanamke anakwenda kujipeleka polisi kwa maneno ya mchawi. Walitukanana mpaka majirani wakafunga madirisha. Katikati ya tusi kikohozi kikamkaba, akainama, akatapika bonge la udongo mwekundu lenye mzizi ndani yake, na mzizi ule ulikuwa bado unajinyonganyonga sakafuni. Akautazama. Akamtazama mkewe, macho ya mtoto.

"Mama Remi, naogopa," akanong'ona. "Nakuomba, twende. Jina libaki chafu."

Ilikuwa tarehe tisa ya mwezi wa mwisho. Sabina alihesabu siku kumi na sita mpaka ishirini na tano, akaona wana nafasi. Mwanamke aliyeshika hesabu za kadi mwaka mzima akasahau kwamba mlipaji huyu hakuwahi kungoja tarehe.

Lazaro alimpeleka mjini kwa gari la tajiri wake. Alibaki nje kwenye usukani, kwa kuwa miguu ilikuwa haimbebi vizuri, na Sabina akaingia ofisi ya vizazi na vifo, akapanga foleni, kila mtu mbele yake akikunja pua na kugeuka kutafuta harufu ya ugoro inatoka wapi, na yeye akajibana ukutani akisali Salamu Maria isiyofika mwisho, maana kila akifika kwenye maneno "saa ya kufa kwetu" ulimi ulikuwa mzito, mpaka karani, mama wa makamo mwenye miwani, akamwita kwa kidole.

"Nakuja kuandikisha kifo cha baba mkwe wangu. Clemensi. Ni mwaka wa nne sasa. Tulichelewa, mama, tusamehe."

Karani akaandika namba ya kitambulisho cha mzee. Akatazama. Akaiandika tena.

"Huyu yuko hai."

"Amekufa. Nilimwosha mimi."

"Mama, yuko hai, na alikuwa kwenye kiti hicho hicho asubuhi hii. Mzee mcheshi. Alikuja kuandikisha kifo cha mwanawe." Akageuza skrini. "Lazaro Clemensi, wa Ganako. Amefariki leo. Si ndiye mumeo? Pole sana. Mbona hujavaa nguo za msiba?"

Sabina alitoka mbio bila kujibu. Gari lilikuwa pale pale, vioo vimefungwa, na Lazaro ameshika simu mkononi, anacheka, anacheka huku machozi yanamtoka, anampungia mkewe aje asome. Aliigandamiza simu kwenye kioo. Malipo ya kumi na mbili yamepokelewa, mlipaji Clemensi. Chini yake ujumbe wa pili: benki inaipa pole familia ya marehemu, deni lote limefutwa na bima, taarifa zake za ukopaji ni safi.

"Limesafika!" akawa anasema nyuma ya kioo. "Mama Remi, limesafika!"

"Fungua mlango! Lazaro, shuka! Shuka!"

Kwenye kiti cha nyuma alikaa mzee mwenye koti la baba mkwe wake, mkanda ameufunga vizuri kama mgeni wa kulipa, uso wote ni udongo uliolowa, na katika udongo ule palikuwa na mdomo unaotabasamu. Akauweka mkono begani kwa Lazaro. Lazaro akaacha kucheka. Alijaribu kitasa, Sabina alikiona kikicheza, akavuta kutoka nje kwa nguvu zake zote mpaka kucha zikang'oka, akapiga kioo kwa ngumi, akaita watu, na watu wakasimama wakamtazama mwanamke anayepigana na gari. Kisha gari likaondoka polepole, likashika njia ya Ganako, kichwa cha Lazaro kimelala kwenye usukani.

Sabina akalikimbilia hadi kandambili zikakatika. Nyuma yake karani alikuwa ametoka mlangoni na karatasi mkononi, bado ina joto la mashine.

"Mama! Mama wa Ganako! Cheti cha marehemu kimeshatoka, rudi usaini!"